Jalada la Zamani Ni Sehemu ya Kitabu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule, Kikatiti. Inachapwa hapa kwa ombi la wajumbe.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazee wetu mliotangulia kupita katika shule hii, ndugu zangu wa rika langu, nanyi wadogo zetu mnaosoma hapa sasa:

 

Katibu aliponiandikia kwamba nizungumze juu ya kazi yangu ya kukusanya vitabu vya kale vya dini, rafiki yangu mmoja aliyeketi pale mbele alicheka sana. Alikumbusha kuwa nilipokuwa hapa shuleni jina langu halikukosa katika orodha ya wasiorudisha vitabu vya maktaba. Ni kweli, Ndugu Mwenyekiti. Sikukusudia kuiba. Nilikuwa nasahau tu. Leo basi chukueni maneno yangu kama malipo ya faini ile ambayo sikuilipa.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba nina ombi. Katika ajenda ya mkutano wetu, namba sita, Kamati imependekeza tuchange fedha ili vitabu vyote vikuukuu vilivyomo katika kabati la nyuma la maktaba vijalidiwe upya, vyote kwa rangi moja, rangi ya buluu, na jina la shule lipigwe mgongoni kwa dhahabu. Nia ya Kamati ni njema, wala sina neno baya juu yake. Lakini nimekwisha kulifungua kabati hilo. Pamoja na vitabu vya hesabu na jiografia vilivyochakaa, nimekuta humo vitabu kumi na vinne vya dini, vilivyoletwa na wazazi na babu zenu kwa nyakati mbalimbali, vikiwa bado na majalada yake ya kwanza. Ombi langu ni kwamba hivyo kumi na vinne visiguswe. Sasa nitaeleza kwa nini.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa kahawa huko juu, upande wa Nkoaranga. Alikuwa na Biblia moja, ile iliyotafsiriwa na Karl Roehl na kutolewa mwaka 1937, iliyochapwa Stuttgart, Ujerumani. Ilikuwa na jalada jeusi la kitambaa, pembe zimelika, mgongo umefunguka. Babu alipofariki kitabu kilibaki kwa baba. Mwaka 1978, nilipopata kazi yangu ya kwanza, ukarani wa bohari, nilitaka kumfanyia baba jambo la heshima. Nikaichukua Biblia ile kwa siri nikampelekea fundi mmoja wa kujalidi vitabu. Nikamwambia, "Fanya kiwe kipya." Akafanya. Aliporudisha kilikuwa na jalada jekundu linalong'aa, kingo zimekatwa sawasawa, na jina la babu kwa herufi za dhahabu. Nililipa karibu nusu ya mshahara wangu.

Siku ya Krismasi nikampa baba mbele ya ndugu wote. Wakapiga makofi. Baba akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akafungua nyuma. Akatafuta. Akafungua mbele. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Karatasi ya babu yako iko wapi?"

Sikujua karatasi gani. Baba akaeleza. Ndani ya jalada la nyuma, kwenye ile karatasi nyeupe iliyobandikwa juu ya kadibodi, babu alikuwa ameandika majina ya watoto wake wote, siku walipozaliwa na siku walipobatizwa. Walikuwa wanane. Sita walikua. Wawili walikufa wangali wachanga, na majina yao hayakuandikwa mahali pengine popote, ila pale.

Kesho yake nilikwenda mbio kwa yule fundi. Majalada ya zamani alikuwa amekwisha kuyachoma pamoja na takataka za wiki. Simlaumu hata kidogo. Alifanya kile nilichomwambia afanye. Mimi ndiye niliyesema kiwe kipya.

Wa kwanza kati ya wale wachanga wawili, shangazi yangu mkubwa alilikumbuka jina lake. Wa pili hakuna aliyemkumbuka. Mpaka leo, tunapowataja waliotangulia katika ukoo wetu, tunasema majina saba, halafu tunasema "na yule mdogo". Baba hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nikaanza kuviangalia vitabu kwa jicho jingine. Zamani nilidhani kitabu ni maneno yaliyochapwa, na jalada ni nguo tu, ikichakaa unabadilisha. Sasa najua kwamba maneno yaliyochapwa yamo katika maelfu ya nakala nyingine, bali jalada la nakala hii liko moja tu duniani. Biblia ya Roehl ya 1937 naweza kuipata nyingine. Nimekwisha kupata tatu. Ile karatasi ya babu siwezi kuipata.

Sasa wadogo zangu mtauliza: vitabu vya kale kwetu ni vipi? Wenzetu wa Ulaya walianza kuchapa kwa herufi za kusogezwa katikati ya karne ya 15. Biblia ya Gutenberg ilitoka yapata mwaka 1455. Vitabu vilivyochapwa kabla ya mwaka 1501 wamevipa jina la Kilatini lenye maana ya nguo za kumviringia mtoto mchanga. Kwetu tungesema vitabu vya mbelekoni. Basi kila lugha ina vitabu vyake vya mbelekoni, na vya Kiswahili havina umri mkubwa kiasi hicho.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Sura chache za kwanza zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha. Kisha akaja Edward Steere huko Unguja, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa Askofu. Huyu alileta mtambo wa kupiga chapa, akawafundisha kazi hiyo vijana waliokombolewa utumwani. Fikirini jambo hilo: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini lilipokuwa likajengwa kanisa kuu. Vijana waliopona biashara ile ndio walioshika herufi za risasi na kuzipanga moja moja kuwa maneno ya Kiswahili. Steere alifariki mwaka 1882, akiwa ameliona Agano Jipya. Biblia nzima ilitoka baada yake, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Watu wa Mombasa wakapata ya kwao kwa Kimvita mwaka 1914. Roehl akafuata mwaka 1937, na ile iitwayo Union Version, ambayo wengi wetu tumekua nayo, ikatoka mwaka 1952.

Wala msidhani nasema habari za Wakristo peke yao. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na mtambo wake wa chapa, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 ulianza kutoa vitabu vikubwa vya sheria za dini kwa Kiarabu. Misahafu na vitabu vya sala vililetwa na majahazi kutoka Bombay, na vingine vilitoka Cairo. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale wa misheni ya Unguja. Nyingine ilitolewa na Waahmadiyya mjini Nairobi mwaka 1953. Na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, ambayo Waislamu wengi waliipokea kwa furaha, ilitimia mwaka 1969. Nina ndugu zangu Waislamu hapa waliosoma nami bweni moja. Katika majumba ya wazee wao vimo vitabu vyenye jalada lenye ulimi, ule unaokunjwa kufunika kingo za kurasa. Ulimi huo ukichakaa watu huukata. Nawasihi, msiukate.

Na huku kwetu Meru? Wamisionari wawili wa Leipzig, Segebrock na Ovir, walikuja Akeri mwaka 1896 wakauawa mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba. Misheni ilianza upya Nkoaranga mwaka 1902. Tangu hapo vitabu viliingia katika mlima huu kwa mkono na kwa mzigo wa kichwa. Vita ya kwanza ikapita. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walifukuzwa nchini, na waliobaki na makanisa ni walimu wenyeji, kila mmoja na vitabu vyake vichache. Mwaka 1951 watu wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto, jambo lililompeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Watu wanapofukuzwa nyumbani huokoa watoto kwanza, kisha mifugo. Kwa hiyo kitabu cha kabla ya miaka hiyo kinachoonekana leo mlimani kimepita katika mengi, na alama za safari yake zimo katika jalada.

Sasa nieleze alama hizo, maana wengi hawazijui.

Kwanza ni kitambaa chenyewe. Kabla ya miaka ya 1820 huko Uingereza kitabu kiliuzwa bila jalada la kudumu, mnunuzi akapeleka kwa fundi wake. Baadaye viwanda vikaanza kuvika vitabu kitambaa cha kaliko kilichotiwa wanga, nakala zote namna moja. Vitabu vingi vya misheni vilivyokuja kwetu ni vya namna hiyo. Kwa hiyo mtu akiona jalada la kwanza anaweza kujua kiwanda, na mara nyingine karibu na mwaka, hata kama ukurasa wenye jina umechanika.

Pili ni mshono. Fungua kitabu katikati ya kifungu cha kurasa, utaona uzi. Lakini vitabu kadhaa vya Kijerumani vya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 havikushonwa kwa uzi. Vimebanwa kwa pini za waya. Mashine za kazi hiyo zilitengenezwa na kiwanda cha Brehmer, mjini Leipzig, mji uleule waliotoka wamisionari wetu.  Waya ule ulishika kutu, kutu ikala karatasi, kurasa zikaachana. Ukiona tundu mbili zenye rangi ya kahawia katika mkunjo wa kurasa, hiyo ni kazi ya waya. Usizing'oe pini hizo kwa koleo. Ukizivuta, karatasi inachanika.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, ni mikono ya wenyewe. Katika vitabu vyangu 43, kimoja kina mgongo ulioshonwa kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi. Kingine kimetiwa kiraka cha mfuko wa unga. Kimoja kina alama ya duara la kikombe, kingine nta ya mshumaa. Katika kimoja, ndani ya jalada la mbele, kuna hesabu ya debe za mahindi na jina la mdaiwa. Deni halionekani kama lililipwa. Kitabu kimoja cha nyimbo kina harufu ya moshi mpaka leo, kwa kuwa kilikaa juu ya dari la jikoni miaka mingi. Mwenyewe alijua alichofanya: moshi uliwafukuza wadudu. Nendeni katika vitabu vilivyojalidiwa upya mkatafute mambo hayo. Hamtayaona.

Hata huko Ulaya walifanya kosa kama langu, tena kwa miaka mingi. Matajiri wa karne ya 18 na ya 19 walipenda vitabu vya kale viwe na ngozi nzuri na dhahabu, wakavivua majalada ya kwanza, wakakata kingo. Biblia ya Gutenberg inakadiriwa kuwa zilichapwa kama nakala 180. Zinazojulikana leo hazifiki 50, na zilizobaki na jalada lake la kwanza ni chache mno. Mafundi wa zamani walikuwa wakitumia vipande vya maandiko mengine makuukuu kuimarisha mgongo, na wataalamu wa leo wamegundua humo kurasa za vitabu vilivyopotea kabisa. Sasa wanajuta. Sisi hatuna haja ya kungoja miaka mia ili tujute.

Ndugu Mwenyekiti, naona mtu fulani anatikisa kichwa. Nadhani anasema moyoni, "Huyu anataka tuonyeshe wageni matambara." Ni hoja ya haki, na naijibu.

Kitabu cha kiada ambacho wanafunzi arobaini wanakishika kila wiki, kijalidiwe upya, tena kwa kitambaa kigumu. Nitachanga. Biblia inayosomwa madhabahuni kila Jumapili, itiwe jalada imara. Kitabu cha kutumika kitumike. Ninavyovisemea ni vile ambavyo kazi yake sasa ni kushuhudia. Hivyo havihitaji jalada jipya. Vinahitaji sanduku. Fundi seremala wa hapo barabarani, au ninyi wanafunzi wenyewe kwa kadibodi safi na gundi ya unga nje tu, mnaweza kutengeneza sanduku la kipimo cha kila kitabu. Ukitaka rangi ya buluu na jina la shule, lipake sanduku. Mgeni akija ataona safu ya buluu iliyonyooka, na ndani kila kitabu kimevaa nguo yake.

Na namna ya kutunza si ngumu. Mikono iwe mikavu na safi. Kitabu kisiegemee ukuta wa udongo, kwa kuwa mchwa hupandia huko. Kisifungwe ndani ya nailoni, maana unyevu ukibaki ndani ukungu utaota. Kama jalada limeachana na kurasa, likae mahali pake na kitabu kifungwe kwa utepe wa pamba, bila kukaza. Selotepu ni adui: baada ya miaka michache inageuka kahawia, gundi inayeyuka na kula wino. Usipake mafuta ngozi kavu. Usianike kitabu juani ukidhani unaua ukungu, kwa sababu jua linafifisha rangi na kupindisha jalada. Mende hupenda wanga wa kitambaa, kwa hiyo usile chakula chumbani humo. Ukitaka kuandika alama, tumia penseli.

Sasa niwaambie habari ya bibi mmoja, kisha nitamaliza.

Miaka kadhaa baada ya ile Krismasi nilikuwa nikizunguka vijijini kila likizo nikinunua vitabu. Vingine nilivikuta gulioni, kurasa zikifungia karanga. Karatasi nyembamba ya Biblia wavuta tumbaku huipenda sana. Niliviokoa vichache kwa bei ya kilo ya sukari, nikajiona shujaa. Ndipo nikasikia kwamba huko mlimani, juu ya barabara hii yetu, kuna bibi mwenye Agano Jipya la kale sana. Nikapanda.

Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanipa ndizi na maziwa. Baadaye akalitoa sandukuni, limeviringwa katika kipande cha kaniki. Ukurasa wa jina ulikuwa umetoka, lakini nilipoona Mungu ameandikwa "Muungu", kwa u mbili, kama ilivyokuwa katika vitabu vya Steere, nilijua kuwa nimeshika kitu cha zamani za Unguja. Jalada lilikuwa la kwake la kwanza. Mgongo ulikuwa umeshikizwa kwa ngozi ya mbuzi. Nikauliza kilifikaje Meru. Akasema baba mkwe wake alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Akarudi bila kitu chochote ila kitabu hicho, alichopewa na mgonjwa mmoja njiani upande wa Tanga, ambaye hakufika kwao. Ngozi ile aliishona yeye mwenyewe aliporudi, kwa sindano ya kushonea viatu.

Nikatoa fedha. Nikaongeza. Bibi akacheka, akanisogezea tena kikombe cha maziwa.

Akasema, "Mjukuu wangu, fedha zako ni nzuri. Lakini nikikuuzia, watoto hawa watajuaje mkono wa babu yao? Yeye hakuacha picha. Ameacha mishono hii."

Nikaaibika. Nilikuwa nimekwenda kule nikiamini kwamba naokoa kitabu, kumbe nilikuwa tayari kufanya jambo lilelile nililomfanyia baba: kuondoa alama ya mtu mahali pake. Nikarudisha fedha mfukoni. Nikaomba ruhusa niandike habari zake. Nikaandika kipimo cha kitabu, namna ya jalada, idadi ya kurasa zilizobaki, jina la baba mkwe wake, na habari za yule mgonjwa, ambaye jina lake hakulijua. Bibi akanitazama nikiandika, kisha akasema, "Na mishono, ihesabu." Nikaihesabu. Ilikuwa kumi na tisa.

Bibi huyo amekwisha fariki. Kitabu kiko kwa mjukuu wake, ndani ya sanduku la mbao ambalo tulilitengeneza pamoja. Kila mwaka napita kukisalimu. Tangu siku ile sinunui kitabu chochote ambacho bado kina mwenyewe anayekipenda. Nakiandika daftarini na kukiacha. Daftari langu sasa lina vitabu vingi kuliko kabati langu, na naamini daftari ndilo mkusanyo hasa.

Ndugu Mwenyekiti, basi nayaleta maombi yangu matatu.

La kwanza: ajenda namba sita igawanywe. Vitabu vya kiada vijalidiwe, na hivyo kumi na vinne vya dini vitengenezewe masanduku.

La pili ni kwenu, wadogo zangu. Likizo ijayo, kila mmoja atafute nyumbani au kwa jirani kitabu kimoja cha dini cha kale, cha Kikristo au cha Kiislamu. Msikilete shuleni. Narudia, msikilete. Mwombe mwenyewe ruhusa, mkae naye, mwandike ukurasa mmoja: kitabu gani, kimechapwa wapi na mwaka gani kama umeandikwa, jalada likoje, limetengenezwa na nani, nani alikuwa nacho kabla yake, na ndani ya jalada mna maandishi gani. Mwenye simu apige picha ya jalada mbele, nyuma na ndani, mwenyewe akikubali. Kurasa hizo zifungwe pamoja ziwekwe maktaba. Baada ya miaka michache shule hii ya Kikatiti itakuwa na habari za vitabu vya mlima huu ambazo hazipo pengine popote. Wale watakaotaka kwenda mbele zaidi, chuo cha Makumira hakiko mbali na hapa, nao wana maktaba ya elimu ya dini.

La tatu linanihusu mimi. Umri umekwenda. Vitabu vyangu 43 nataka viletwe hapa nitakapokuwa sipo, na nimekwisha kuandika hivyo mbele ya mashahidi. Sharti ni moja tu, kwamba kisivuliwe jalada hata kimoja. Kati yake kimo kimoja ambacho jalada lake ni jekundu, linang'aa, lina herufi za dhahabu, na kingo zake zimekatwa sawasawa. Hicho nacho kiachwe kama kilivyo. Ndani ya jalada lake la nyuma nimeandika kwa mkono wangu majina saba. Nafasi ya jina la nane nimeiacha wazi, ili mwanafunzi atakayekifungua aulize kwa nini, na mtu amweleze.



(Baada ya hotuba hii mkutano ulijadili ajenda namba sita kwa muda mrefu. Wajumbe walikubali igawanywe kama ilivyoombwa. Seremala mmoja, mwanafunzi wa zamani, alijitolea mbao za masanduku manne ya kwanza. Wanafunzi wanaotaka fomu za kuandikia vitabu wamwone Mwalimu wa Maktaba kabla ya kufunga shule.)